Chupa ya Tatu Ikipashwa Moto

Sakata, 9 Februari 1997

Baba,

Shikamoo. Theluji huku imefika madirishani, ila mimi ni mzima. Na nyinyi? Ile homa ya Novemba imekuachia, au Mama bado anakufungia ndani?

Nimekutumia chupa tatu za pombe yetu ya mchele, sake ya msimu huu. Nimezibandika namba tu, usijue ipi imetoka tangi lipi. Mchele ni ule ule na maji ni yale yale. Tofauti ni baridi ya chumba na siku za kuumuka. Mwenye kiwanda, Mzee Kuwabara, ameipenda ya kwanza, inayonukia matunda. Moyo wangu uko kwingine, lakini siuamini. Huu ni mwaka wangu wa kwanza kuongoza kazi, na ameniambia wazi: "Sake hii ikidoda madukani, msimu ujao natafuta mwanamume." Wewe umeipika misimu thelathini na moja. Onja, unichagulie.

Bintiyo, Chizuru

Hanamaki, 17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Homa ilikwisha, kilichobaki ni uvivu, na mama yako ana dawa yake, koleo la theluji.

Chupa zilifika salama. Ya kwanza ni nzuri kwa kikombe kimoja, cha pili kinakinaisha. Ya pili haina kosa wala haina jambo. Ya tatu ikiwa baridi imenuna, utadhani imeharibika. Lakini ipashe moto kidogo, uinywe na figili ya kuchemsha, itaanza kuzungumza. Kisha inaondoka mdomoni taratibu, kama mgeni anayejua saa ya kuaga. Chagua hiyo. Na huyo mzee wako mpe ikiwa ya moto, pamoja na chakula.

Babako

Sakata, 26 Februari

Baba,

Shikamoo, na pole na koleo.

Nilifanya ulivyosema. Mzee Kuwabara alikunywa vikombe vitatu, akamaliza figili yote, halafu akaniuliza msimu ujao nitahitaji wasaidizi wangapi. Nilikwenda nyuma ya matangi nikalia. Asante, Baba. Asante sana.

Sasa niambie ukweli. Nakujua tangu utotoni: ukionja unasema "bado" au "tayari," basi. Hujawahi kupasha sake moto ili uipime, na habari za wageni kuaga sijazisikia kwako. Nani ameonja?

Bintiyo

Hanamaki, 5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Umenikamata. Ile homa iliondoka na pua yangu. Sinusi moshi wala samaki. Chupa zako kwangu zilikuwa maji matupu. Niliona aibu kukuambia. Mama yako alionja, mimi nikaandika.

Wala si mara ya kwanza. Enzi zetu mwanamke hakuvuka mlango wa kiwanda, ati sake ingeharibika. Basi kila Februari nilimtumia mama yako, Fumie wangu, chupa kwa siri, naye akanijibu kwa barua. Watu wakanisifu mimi, nikanyamaza. Jana ndiyo kwanza nimemshukuru. Akasema chai inapoa.

Babako

Sakata, 9 Machi

Baba,

Shikamoo. Pole kwa pua yako, na asante kwa kuniambia.

Mwambie Mama tarehe kumi na tano tunaonja matangi yaliyobaki. Kikombe chake nimekiweka mezani kando ya changu. Mlango wa kiwanda hiki ninaufungua mimi.

Bintiyo

Hanamaki, 13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako anapanda treni kesho asubuhi. Anasema haendi, ana kazi nyingi, huku anapiga pasi nguo ya safari.

Tangu barua yako ifike hajagusa natto, na unajua asubuhi haimwanzii bila bakuli lake la soya zile zilizochacha. Hakuna aliyemkumbusha kwamba chachu ya natto ikiingia na mlaji wake kwenye mchele wa sake, msimu mzima umeharibika. Nilimwambia siku moja bila natto ingetosha. Akanijibu, "Nimengoja miaka thelathini na moja, itakuwa siku nne?"

Mpokee mlangoni, mwanangu. Uingie naye.

Babako