Mama, Hamza Tumemtoa

Mama,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe.

Hamza tumemtoa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza.

Watu walikucheka ulipoacha kazi ya benki Dar, mchumi mzima, ukarudi Kikole kuwaunganisha wakulima wa ufuta wauze pamoja. Chama kiliposimama ukavuka hadi kisiwa cha Songo Mnara, ukaanzisha kingine cha wanawake wanaolima mwani. Ulikuwa ukirudi na chumvi kwenye nyusi, unaniambia, "Bei haishuki kutoka mbinguni, mwanangu. Kuna mtu anaipanga. Basi na sisi tuipange."

Halafu ukaugua. Ukamwomba Hamza, katibu wako, akushikie uenyekiti wa chama cha ufuta mpaka upone. Wewe uko hospitali Lindi, yeye Kikole anaitisha kikao, anawaambia watu umejiuzulu. Ufuta wote akampelekea shemeji yake mfanyabiashara. Ulipopata habari uligeukia ukutani. Mama, mgongo ule bado unaniunguza.

Na siku ya mazishi yako akawa wa kwanza kushika jeneza! Akalia kunishinda mimi.

Nilisubiri mkutano mkuu. Nikasimama, nikamuuliza mbele ya wote, "Mama alikwambia lini kwamba anajiuzulu?"

"Aliniambia pale hospitali," akasema.

Bi Somoe, aliyekuja na boti kutoka Songo Mnara, yule aliyekuuguza hadi mwisho, akainuka. "Muongo! Hospitali hukukanyaga hata siku moja."

Watu wakanyoosha mikono kumwondoa. Hata ndugu zake walinyoosha.

Juzi alikuja nyumbani. "Mwanangu, mimi ni kama baba yako. Nisamehe." Wewe ungemkaribisha, ungempa maji. Mimi nilimwacha mlangoni, juani, mpaka akaondoka. Nikasikia raha, Mama. Raha kabisa. Usinikasirikie.

Uenyekiti wamenipa mimi. Hamza sasa hana ufuta wa chama wa kumpelekea shemeji yake, na shemeji naye hana haja naye tena, kwa hiyo msimu ujao ufuta wa shamba lake ataleta kwetu. Nitaupokea, kwa bei ya wote, kama ulivyotaka. Ila jina lako nimeliandika juu ya mlango wa ghala, herufi kubwa, rangi nyekundu. Kila akileta gunia, atapita chini yake.

Pumzika, Mama. Mungu akulaze pema. Rangi ikififia, nitapaka tena.

Mwanao,
Mwanahawa