Fizi za Mbwa wa Masanze

Rehema mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Mikumi bibi yako hajambo, na mpunga wetu wa Tindiga umeshaingia ndani. Sasa nakujibu, na nakujibu kwa hasira.

Unasema yule mbwa mwenye saratani ya nyonga, unayemtibu huko kwa mionzi, uvimbe wake umenywea, anakula vizuri, na mwenye mbwa hataki tena atolewe damu ya kupima. Unaniuliza kama mwache kumpima. Unaniuliza mimi! Si wewe uliyenieleza kwamba mionzi hiyo inafika mpaka kwenye uboho wa mfupa, damu inakotengenezwa, na kwamba chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maradhi, zikipungua sana hata kidonda kidogo kinaweza kumuua?

Nilipokuwa kijana, msaidizi wa bwana mifugo kule Kimamba, mzee mmoja wa Masanze aliniletea mbwa wake aliyejaa kupe. Nilimsafisha mpaka ndani ya masikio, nikajisifu mbele za watu. Siku ya tatu mzee akarudi amembeba, hawezi kusimama. Shikamoo yangu hakuiitikia. Alimfunua mbwa midomo, fizi nyeupe kama unga wa muhogo.

"Kupe uliwaona," akasema.

Ugonjwa wa kupe ulikuwa umeshamla damu, nami sikumtazama mdomoni hata mara moja. Alikufa palepale mikononi mwa mzee. Hasira hii ni ya siku ile, Rehema, si juu yako peke yako.

Siku ile mimi ningefunua mdomo tu, ningeona; chembe nyeupe hazionekani kwa macho. Wewe toa damu, upime, ndipo uniandikie habari za uvimbe.

Babu yako