Dakika Ishirini za Joto Shingoni

Kisiwani, Muleba
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu, waitu,

Shikamoo. Miguu yako inaendeleaje? Na kibanja kimepata mvua? Mimi ni mzima kuanzia mabegani kwenda chini. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikianza kulalamika unasema mtandao unakatika. Nina ombi, nawe unajua sijazoea kuomba.

Shingo bado. Miaka sita ya kubeba mabeseni ya dagaa kichwani, toka mtumbwini hadi kwenye vichanja vya kuanikia, imeniachia maumivu yasiyoisha. Mwezi uliopita alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka Bukoba. Yeye na wenzake wanajaribu kuona kama joto linasaidia. Wagonjwa wengine wanafanya mazoezi matupu. Sisi tunaweka kwanza mfuko wa mpira wenye maji ya moto, dakika ishirini, ndipo tunanyoosha shingo. Kila jioni naandika namba: sifuri huna maumivu, kumi huwezi kuvumilia. Nilianza na nane.

Mfuko unateleza, hivyo nilikuwa najifunga na khanga. Ma Justa, mjane wa chumba cha pili anayekausha samaki kwa moshi, akanikuta.

"Wee Kemi, umejifunga kama mzigo wa kupeleka Mwanza! Lete hapa."

Akaushika yeye, huku akinisimulia marehemu mumewe alivyokuwa akikoroma mpaka mbuzi wanaamka. Jioni ile niliandika tatu.

Hadi jana zimetimia siku kumi na nane. Peke yangu siku kumi na moja: sita, saba, sita. Na Ma Justa siku saba: haikuzidi nne. Nikadhani yeye anatia maji ya moto zaidi, lakini birika ni lilelile langu, na dakika nilipima kwa simu. Nikamwonyesha mtaalamu daftari. Akalitazama weee, kisha akauliza, "Hapa unaishi na nani?" Nikamjibu kilichomleta ni shingo yangu tu.

Alhamisi Ma Justa aliondoka, bintiye amejifungua. Majaribio yamebakiza wiki mbili.

Mama, mke wa kaka Gozbert alipojifungua ulikaa kwao Kitendaguro miezi miwili. Kwangu, miaka yote sita, hujafika hata siku moja. Mliniita mkaidi kwa kuacha ndoa, nikajenga vichanja vyangu kimoja kimoja mpaka tisa. Sikuwahi kusema nahitaji mtu. Sasa nasema. Njoo ukae nami hizo wiki mbili.

Najua unaogopa ziwa. Panda boti ya asubuhi, maji huwa yametulia, na jaketi la kuokolea nitakununulia lako mwenyewe. Nitakusubiri mwaloni, pale boti inapofikia.

Nisalimie shangazi Koku anayekuchotea maji, na kaka Gozbert na mkewe, na yule mtoto wao ambaye sijamwona.

Kama huwezi kuja, niandikie kwa mkono wako. Usimtume Gozbert anipigie.

Binti yako wa pili,
Kemilembe