Si Chuma, Mama, ni Titani

Kyebando, Kampala

Mjukuu wangu Zulfa,

Salaam nyingi. Sisi wazima, na dada yako amejifungua msichana.

Unauliza kama titani watakayokuwekea mguuni itashika kutu. Yangu imo pajani tangu ujana. Daktari aliniambia ni nyepesi, imara kama chuma cha pua, haishiki kutu, na mfupa huota ukaikumbatia.

Nilipopelekwa kilimani Lubaga kwa wazazi wa babu yako, kabla hatujaoana, mama yake alisema mbele ya wageni, "Mwanangu haoi kiwete mwenye chuma."

"Si chuma, mama, ni titani," nikamjibu. "Na mimi siolewi hapa."

Nikauacha mkongojo wangu mlangoni, nikateremka kilima peke yangu. Babu yako alinikimbilia, asinifikie mpaka barabarani, akihema.

Jaja wako,
Hawa