Nusu ya Uso wa Mama Mdogo

Glenwood, Durban
Ijumaa, 12 Juni

Kwako Dada Paskalina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo chuoni Iringa, na kile kikohozi kimekuachia. Sisi hatujambo. Baba anashinda dukani kwake Isipingo, na mtoto wa Mama Mdogo Bupe ameanza kucheka.

Lakini nyumbani hakujatulia, Dada. Mama yake Mama Mdogo, aliye Tukuyu, hajamwona mjukuu wake. Macho yake yamefifia, kwa hiyo aliomba picha ya karatasi ya Baba, Mama Mdogo na mtoto, iliyopigwa karibu ili sura zijae. Gosbert, rafiki wa Baba, anasafiri Jumatatu na ndiye ataipeleka. Kazi ya kupiga nilipewa mimi, kwa sababu klabu ya shule imeniazima kamera ya mkanda.

Kidirisha cha kuchungulia kwenye kamera hiyo kiko kushoto kwa lenzi. Ukiwa mbali haidhuru. Ukiwa karibu, lenzi haioni unachokiona wewe, na upande wa kushoto unakatika. Mwalimu alitufundisha kwamba ukishapanga sura, usogeze kamera kushoto upana wa vidole viwili, ndipo ubonyeze.

Jana picha zilisafishwa. Baba mzima, mtoto mzima, Mama Mdogo amekatwa jichoni. Baba alicheka, akamuuliza alikuwa anamkimbia nani. Mama Mdogo hakucheka. Alisema, eish, kwao watasema ameolewa nusu. Kisha akanigeukia mimi, akaniomba radhi kwamba hakusimama vizuri.

Dada, alisimama vizuri. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe, na nilikumbuka vile vidole viwili, lakini sikusogea. Niliona pale pembeni mwa Baba ni mahali pa marehemu mama.

Leo nilipotoka shule nikamweleza Mama Mdogo yote. Alichukua simu, nikadhani anampigia Baba, kumbe aliiweka kando. Halafu akaniuliza, safari hii asimame wapi ili abaki mzima. Nikamwambia asimame palepale. Wa kusogea ni mimi.

Baba aliporudi tulipiga upya. Mkanda utasafishwa kesho, nami naogopa kuliko siku ya mtihani. Baba bado hajui kosa lilikuwa la nani. Nitamwambia mwenyewe, wewe niombee tu.

Wasalimie wenzako wa bwenini. Mama Mdogo Bupe anakusalimu, na amesisitiza niandike jina lake.

Mdogo wako akupendaye,
Coletha