Mahali pa Kumfundishia Madlaina

Surpunt, Jumapili, tarehe 8 Juni

Mpendwa Mshauri,

Nimejiahidi kukueleza yote, hata yale yanayonitia aibu, ndipo unisaidie.

Mimi ni Ladina, nina miaka kumi na sita, na tangu mwaka juzi nalenga shabaha katika chama cha kijiji chetu, ambako mkufunzi wa vijana ni baba yangu mdogo, Gieri. Mwaka huu tumebaki vijana watatu, na tusipofika wanne mwisho wa Juni hakutakuwa na kozi, na bunduki tulizoazimwa na jeshi zitarudishwa. Ndipo nikamfikiria Madlaina, ambaye tunakaa dawati moja na ambaye hajawahi kushika bunduki kwa kuwa walihamia huku kutoka mjini, naye hakukataa, alisema tu, "Haya, lakini unifundishe wewe, si wale wazee."

Nilimpeleka siku ya sikukuu ya shabaha, mwishoni mwa Mei, kwa kuwa kwetu siku hiyo hata mabibi huja kulenga, risasi ni za bure, kuna soseji na bendi ya matarumbeta, na mimi mwenyewe nilianza siku kama hiyo nikiwa nimelala na babu kwenye mkeka wa kulengea, hivyo sikuona siku nyingine iliyo nyepesi zaidi kwa mtu anayeanza. Lakini bunduki za nafasi zote nane za kulengea zilikuwa zikilia kwa pamoja, Madlaina amelala kifudifudi kati ya wanaume wawili wakubwa, nami niliyeahidi kumfundisha sikuweza hata kumsemesha kwa vile masikio yetu yalikuwa yamefunikwa, na bunduki ya jirani ilipolia alifumba macho akavuta triga, kitako kikamgonga, na kioo cha matokeo kinachoning'inia juu ya meza za soseji kikaonyesha sifuri, kisha sifuri nyingine.

Mzee Balzer akageuka na soseji yake mkononi. "Binti, hao ng'ombe mlimani wamekukosea nini?"

Watu wakacheka. Baba mdogo akasema, "Mwache, Balzer. Mwaka jana risasi yako si iligonga kengele ya kanisa?" Wakacheka zaidi.

Hata mimi nilicheka, Mshauri, na hilo ndilo linaloniuma. Madlaina aliinuka baada ya risasi sita, na zilikuwa bado kumi na mbili, akanirudishia vifuniko vya masikio. "Asante, Ladina. Nimeona."

Kwa wiki mbili hakugusia jambo hilo. Ijumaa iliyopita, tukitoka darasani, akasema, "Ningejaribu tena. Lakini si pale."

Ng'ambo ya mto, chini ya shule ya Valdaus, kijiji jirani, kuna chumba cha kulengea kwa bunduki za upepo, shabaha mita kumi tu, kimya, watu watatu wanne kwa jioni. Nilipomweleza baba mdogo aliweka kikombe chini. "Valdaus? Wale wakimwona wanamwandikisha siku hiyo hiyo. Mlete hapa apige tena, atazoea. Sisi sote tulizoea." Naye hadanganyi, maana wameshatuchukulia wawili.

Limebaki jambo moja la kukiri. Fomu ya kozi imo mkobani mwangu, na jina la Madlaina nililiandika kwa penseli kabla ya sikukuu, bila kumwambia.

Naomba unijibu kwa posta itakayofuata: nimpeleke wapi?

Ladina

*

Ladina mwanangu,

Hukunificha kitu, nami sitakuzungusha. Mpeleke Valdaus.

Kosa lako ni la mtu aliyekulia ndani ya mlio huo. Wewe umeuzoea tangu mkekani kwa babu; mwenzako alikuwa peke yake. Anayeanza lazima amsikie mwalimu wake, na mahali ambapo huwezi kumwambia "pumua kwanza" bila kupiga kelele hapafai, hata soseji ziwe tamu namna gani.

Nenda kwanza wewe bila yeye, ukae nusu saa utazame. Msimamizi anamwendea anayekosa, au anamcheka kwa mbali? Omba nafasi ya pembeni karibu na ukuta, na shabaha ya karatasi, ili alichopiga mkione ninyi wawili tu. Risasi kumi zinatosha. Mwondoke akiwa bado anataka nyingine. Mama yake ajue, na akitaka aje. Baba yako mdogo mwambie kwa adabu kabla hamjaenda, asije akayasikia dukani.

Na kwa kile kicheko, mwombe radhi kabla hamjavuka mto. Usimweleze kwa nini ulicheka. Omba radhi tu.

Valdaus wanaweza kumchukua, ndiyo, na kozi yenu inaweza kufungwa. Sina dawa ya hilo. Lakini ulikuwa unatafuta mtu wa nne, ukamwita rafiki, naye baada ya aibu yote ile bado anataka kujaribu tena. Usimharibie mara ya pili.

Fomu iache nyumbani, na jina lake lifute leo. Siku akitaka kuliandika, atakuomba kalamu mwenyewe.