Kikohozi cha Mama kwenye Santuri

Mlandege, Iringa
6 Juni 1976

Dada Sekela,

Huku tunacheka tu. Mdogo wako bahati imenipenda: nimepata santuri ya kwaya yenu, ile iliyorekodiwa kanisani ibada ikiendelea. Kaseti yake takataka, dada. Inachemka kama vitunguu kwenye mafuta. Santuri, hata benchi likilia unalisikia! Na kwenye wimbo wa tatu marehemu Mama anakohoa, halafu anacheka, kama ulivyoniandikia. Majirani wanasema, "Anania, wewe tajiri!" Basi yako mpe mchungaji, maana uliniuliza kama naitaka.

Hapana, dada, usimpe. Nakuja Jumamosi kuisikiliza. Santuri sina. Ninayo kaseti tu, na Mama humo hasikiki.

Nduguyo mwongo,
Anania